Masizi ya Bi Kazija na Moto wa Kwanza

Hapo zamani, na mtu asiniulize zamani ipi, maana hata mimi nilipouliza niliambiwa nikae chini nisikilize, palikuwa na mji uitwao Kishindoni. Watu wa mji huo walijaliwa mambo mawili: kupika na kubishana. Wakipika wanabishania chumvi. Wakila wanabishania aliyepika. Wakishiba wanabishana kama kweli wameshiba.

Siku moja wakaingia katika ubishi mkubwa kuliko wote. Nusu ya mji ikasema: dunia, jua, nyota na kila kilichopo vilianza kwa moto mmoja mkubwa. Nusu ya pili ikasema: uongo mtupu, vitu vilikuwako hivi hivi tangu na tangu. Ndoa zikayumba. Mabaraza yakagawanyika. Kinyozi wa mji, ambaye alikuwa upande wa moto, akawa anawanyoa wapinzani wake nusu kichwa, wakilalamika anawaambia, "Hii nusu nyingine si ilikuwako hivi hivi tangu na tangu? Ya nini kuigusa?"

Malkia wao aliitwa Mwanapili, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akachoka. Akawaita wote uwanjani.

"Nyinyi ni wapishi," akasema. "Moto ukizimwa, jikoni hubaki nini?"

"Joto, Malkia!"

"Basi kama moto huo ulikuwako, joto lake liko bado. Limepoa, limetawanyika, lakini liko. Nendeni mkalipime mniletee namba. Atakayenipatia, moto huo utaitwa kwa jina lake mpaka mwisho wa dunia. Na jina ni moja tu! Kitu chenye majina mawili hakijui kiitike lipi. Mji huu una mbwa watatu wa namna hiyo, na wote nimewachoka."

Haya. Joto la namna hiyo halionekani kwa macho. Ni lile unalolisikia shavuni ukipita karibu na jiko hata ukifumba macho. Kwa hiyo wakaunda chombo chenye jicho la kuona joto. Wakakiweka uwanjani, wakakielekeza juu. Kikaonyesha moto mkubwa ajabu! Vigelegele vikapigwa, kinyozi akazimia kwa furaha. Kumbe ni mbaazi za jirani zinachemka. Wakakihamisha. Kikaonyesha moto tena. Kumbe ni upara wa karani wa Malkia umepigwa na jua. Wakahama tena, moto tena. Ndipo wakaelewa kwamba hapa chini kila kitu kina joto lake: ardhi ina joto, hewa ina joto, mbuzi ana joto, na mbaya zaidi chombo chenyewe kina joto.

Wakaamua kukipeleka juu, nje kabisa ya hewa, kwa roketi. Roketi walikuwa nayo. Msiniulize waliipata wapi. Mimi nasimulia, sisafirishi.

Lakini hata huko juu chombo kingehitaji vitu vitatu. Kingehitaji baridi, kisijipashe chenyewe. Kingehitaji kivuli, jua na dunia visikipashe. Na kingehitaji kitu cha kulinganisha, maana mizani bila jiwe ni bembea tu. Mafundi watatu wakajitokeza, na kila mmoja akakaa karakanani miaka mitatu.

Wa kwanza ni Fundi Ubwa, mtengeneza chupa za chai. Huyu chai yake ukiitia Ijumaa, Jumanne inakuunguza ulimi. Akasema, "Chupa inayozuia joto lisitoke inazuia pia joto lisiingie. Nipeni nafasi." Akaunda chupa kubwa kama tangi la maji, ukuta ndani ya ukuta, katikati utupu. Ndani akamimina heli, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi yake ukiitamka tu meno yanagongana. Chombo kikatumbukizwa humo.

"Kitakaa baridi mwaka mzima," Ubwa akaapa. "Siku moja ikipungua, niiteni mwongo."

Wa pili ni Bi Mize, msusi wa makawa. Kawa mnalijua, kile kifuniko cha ukili kinachofunika chakula nzi wasikitie miguu. Bi Mize akasuka kawa kubwa kuliko nyumba, kwa nyuzi za madini nyembamba kuliko ukindu, akaligeuza mdomo juu, ili chombo kikae katikati kikitazama mbingu, na jua lisipate pa kukichungulia ubavuni. Kazi safi. Ila siku ya kulipakia, roketi ikawa nyembamba.

Wapakiaji wakasema, "Bi Mize, likate pembeni, mikono miwili tu."

"Kawa halikatwi," akajibu. "Ikateni roketi."

Wakamsihi, wakambembeleza, wakamletea halua. Akala halua, hakukata kawa. Siku ya nne akalikunja kama mwavuli, akalifunga kwa kamba moja yenye fundo analolijua yeye, akasema, "Likifika juu litafunguka lenyewe. Lisipofunguka, nirusheni na mimi nikalifungue."

Wa tatu ni Vuai. Huyu ni mwembamba, mpole, na katika Kishindoni nzima ndiye mtu pekee asiyejua kupika. Chai yake ilikuwa na madonge, na hakuna aliyejua madonge hayo yalitoka wapi. Lakini mkono wake wa ufundi, wallahi! Kazi yake ilikuwa jiwe la mizani: kizibo mfano wa faneli, cha kufunika jicho la chombo. Joto la kizibo linajulikana. Chombo kinatazama mbingu, kisha kinatazama kizibo, kisha mbingu, kisha kizibo. Vikilingana, tumejua joto la mbingu.

Tatizo ni kwamba kizibo hicho kilitakiwa kiwe cheusi tii. Kisirudishe hata chembe ya joto la wengine, kitoe lake tu. Vuai akajaribu rangi ya mageti, ikameta. Akajaribu lami, ikameta. Akajaribu mkaa uliosagwa, ukameta kidogo, ukamcheka. Zikabaki wiki mbili roketi iondoke, naye ameshika kichwa.

Na hapa, jamaa zangu, ndipo sufuria linapoingia.

Kishindoni kila nyumba ya heshima ina sufuria la shughuli, lile kubwa la kupikia harusi, khitma na matanga. Sufuria hilo huoshwa ndani tu. Nje haliguswi. Masizi yake ndiyo heshima ya nyumba, kwa sababu kila shughuli huongeza tabaka. Mgeni akiingia hatazami viti wala mapazia. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anatazama mgongo wa sufuria, kisha anajua nyumba hii imelisha watu wangapi na aamkie kwa sauti gani.

Na sufuria jeusi kuliko yote mjini lilikuwa la Bi Kazija, miaka arobaini halijaguswa. Lilikuwa jeusi hata ukilitazama unahisi umefumba macho. Na Bi Kazija alikuwa nani? Mama mkwe wake Vuai.

Sasa Bi Kazija akaenda kumtazama dada yake anayeumwa, kijiji cha pili, siku tatu. Aliporudi sufuria lilikuwa mahali pake, limefunikwa kanga. Hakulifunua. Roketi ikaondoka kwa kishindo, watu wakapunga mikono. Juu huko kawa la Bi Mize likafunguka bila kurushwa mtu. Wiki iliyofuata jirani akamwoza binti yake. Bi Kazija akabebesha watu sufuria lake, akafika uwanjani kwa maringo, akalifunua kanga mbele ya wanawake wote wa mji.

Sufuria likang'aa. Lilimeta kama kioo cha bibi harusi. Kuku aliyekuwa anapita akajiona, akakimbia.

"Alaa, Bi Kazija!" mmoja akasema. "Hongera kwa sufuria jipya. Unaanza lini kulisha watu?"

Wakacheka mpaka wali ukaungua. Bi Kazija hakucheka. Akajifunika ushungi, akaenda moja kwa moja kwa mkwewe. Mtu aliyekuwa akihangaikia weusi Kishindoni alikuwa mmoja tu, na vidole vyake bado vilikuwa vyeusi.

"Shikamoo, mama," Vuai akasema, macho chini, kama mkwe anavyopaswa.

"Marahaba, mwizi. Masizi yangu yako wapi?"

"Yako juu, mama."

"Juu ya paa?"

"Juu zaidi, mama."

"Juu ya mnara?"

"Mama... juu zaidi."

Bi Kazija akakaa kitako. Sauti yake sasa haikuwa ya ugomvi. "Mwanangu, wewe hujui ulichokwangua. Tabaka la juu lilikuwa harusi yako mwenyewe na binti yangu Mafunda. La chini yake, matanga ya mume wangu. Siku saba nilipika, siku saba moto haukuzimwa. Mimi sina picha ya mume wangu. Nilikuwa na masizi."

 Vuai alitaka kusema neno, hakulisema. Likumbukeni neno hilo.

"Mafunda!" Bi Kazija akaita. "Fungasha. Twende kwangu." Kisha akamgeukia mkwe. "Mkeo utampata siku jina langu litakaporudi kama lilivyokuwa. Mji mzima ulinicheka. Mji mzima uniamkie."

Mafunda akatoka na kapu lake kichwani. Alimtazama mumewe, mumewe akatikisa kichwa polepole. Akaenda zake. Vuai akabaki na mkate mkavu na chai ya madonge.

Juu huko chombo kikatazama mbingu, kikatazama kizibo, kikatazama mbingu. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mpaka mwezi wa kumi, heli ya Ubwa ikaisha. Alikuwa ameapa mwaka. Tulimwita mwongo? Tulimwita. Lakini kufikia hapo chombo kilikuwa kimeshatuma habari zake zote chini.

Malkia akaita mji uwanjani. Karani, yule wa upara, akatandika karatasi ndefu ukutani.

"Malkia," akasema, "mstari mmoja ni joto la mbingu. Mstari wa pili ni vile joto la moto wa kale uliopoa linavyotakiwa liwe, likilinganishwa na kizibo."

Malkia akasogea. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa.

"Mimi naona mstari mmoja. Wa pili umeusahau nyumbani?"

"Upo, Malkia. Uko juu ya wa kwanza. Imelingana mpaka haitengani."

Watu wakasogea kutazama wenyewe. Halafu uwanja ukalipuka! Kinyozi akazimia mara ya pili. Waliokuwa wa tangu-na-tangu wakadai walikuwa wa moto tangu na tangu.

"Na namba?" Malkia akauliza.

"Nyuzi mbili na robo tatu hivi, Malkia, ukihesabu kutoka kwenye baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna baridi nyingine."

Bi Kazija akasikika kutoka nyuma. "Moto wote huo, umebaki hivyo tu? Hata kiporo haupashi!"

"Basi," Malkia akasema, "karani, chovya kalamu. Moto huu uitwe nani?"

Ubwa akasimama, kifua mbele. "Uitwe Ubwa! Bila baridi yangu, mngepima nini? Chombo kingejipima chenyewe, kama mlevi anayenusa pumzi yake akasema mji mzima umelewa!"

"Baridi yako ya miezi kumi, uliyoapa kumi na miwili?" Bi Mize akasimama, mkono kiunoni. "Uitwe Mize! Bila kivuli changu, mngepima nini? Jua! Jua nani halijui? Hata mbuzi analijua, ndiyo maana anakaa kibarazani. Baridi yako, kaka yangu, jua lingeimaliza kabla ya chai ya saa nne."

"Kivuli chako, dada, bila chupa yangu kingefunika chuma cha moto. Ungekuwa umefunika uji!"

"Na chupa yako bila kawa langu ingekuwa birika!"

"Kaeni!" akasema Malkia. "Vuai. Mbona wewe husemi?"

Vuai akasimama polepole. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia kama imetundikwa. "Malkia, bila weusi, mngepata namba msiyojua maana yake. Mngesema mbingu ina kitu, msijue kitu gani. Kizibo kile nimekiunda miaka mitatu." Akaelekeza mkono upande wa Bi Kazija. "Lakini weusi wenyewe si wangu. Uitwe Kazija. Nampa mama mkwe wangu."

"Hapana!" Ubwa na Mize wakapiga kelele pamoja, na hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana. "Mtu hawezi kutoa asichopewa! Huyu anatafuta mke, hatafuti haki!"

"Na mimi sitaki kupewa," akasema Bi Kazija, akijisukuma mbele mpaka akafika kwa Malkia. "Sadaka wape maskini. Nasema ni changu. Chupa ya Ubwa ilichukua miaka mitatu. Kawa la Mize, miaka mitatu. Weusi ule umechukua miaka arobaini, na kuni zangu, na moshi machoni mwangu. Mnashangaa umelingana na moto wa kale? Ulitoka motoni! Kila ndoa ya mji huu imo mle. Marehemu mume wangu yumo mle. Vuai alifanya nini? Alikwangua. Panya naye anakwangua, tukamwita fundi?"

Watu wakacheka, lakini wengi wakaitikia kwa vichwa kwamba mama ana neno. Kalamu ya karani ikashuka, ikakaribia karatasi.

"Ngojeni," sauti ikasema.

Alikuwa Mafunda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mama yake. Akasimama.

"Mama, nisamehe. Vuai hakukwangua. Vuai hata hakujua sufuria lako lipo. Mwanamume asiyejua kupika, jikoni anatafuta nini? Yeye alikuwa nyumbani ameshika kichwa, anataka kuiacha kazi. Mimi ndiye niliyefikiria. Mimi ndiye niliyelitoa sufuria, mimi ndiye niliyeshika kisu. Nilikwangua mchana kutwa, nikamtilia kwenye bakuli, nikamwambia, paka hiki. Alipojua kimetoka wapi, alitaka kukirudisha. Nikamwambia masizi hayarudi."

Karani akairudisha kalamu kwenye wino.

"Nilifika kwenye tabaka la baba," Mafunda akasema, "nikasita. Kisha nikasema, baba alipenda sana kukaa nje kutazama nyota. Bora aende akazione, kuliko kukaa stoo na panya."

Bi Kazija hakumtazama binti yake. Akamtazama mkwe.

"Wewe ulijua ni yeye?"

"Nilijua, mama."

"Nilipokuita mwizi, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na miezi yote hii umekula mkate mkavu, umenyamaza?"

"Mama," Vuai akasema, macho chini, "yeye ana mama mmoja. Mimi nina mikate mingi."

Bi Kazija akakaa.   Akashika ncha ya ushungi wake, akaifumbata, akaiachia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema Mafunda atarudi siku jina langu litakaporudi. Neno langu silivunji, hata kama limenichoma kama mwiba. Malkia, amua."

"Jina ni moja," Malkia akasema, na sasa hata yeye anajuta kwa kusema hivyo. Anamtazama Ubwa aliyeleta baridi. Anamtazama Mize aliyeleta kivuli. Anamtazama Vuai aliyeunda kizibo na kuufunga mdomo wake kwa kizibo kingine. Anamtazama Bi Kazija aliyepika miaka arobaini bila kujua anapika nini. Anamtazama Mafunda, aliyejua kitu cheusi kuliko vyote mjini kiko wapi, na akakiiba kwa mama yake.

Karani amechovya kalamu mara tatu, mara tatu wino umekauka. Kinyozi ameshazimia, amezinduka, anauliza tumefika wapi. Na Mafunda amesimama pale pale, mguu mmoja kwenye mkeka wa mama yake, mguu mmoja mchangani upande wa mumewe, hajui ausogeze upi.

Basi semeni nyinyi, maana mimi mate yamenikauka na Malkia hataki tena kuamua peke yake: moto wa kwanza, moto uliowasha kila kitu, uitwe kwa jina la nani? Je, nani alistahili?